Chenso Juu ya Mafiga

Tangu Yasini afariki, mkewe Hafidha alikuwa akikutana naye jikoni. Hakumwona wala hakumsikia. Ilimjia harufu yake tu. Kila alipoinama kuchochea kuni, alinusa shati la mumewe kama lilivyonuka akitoka kazini: petroli, oili na jasho.

"Karibu, baba Saada," alisema polepole. Kisha akaendelea kusonga ugali.

Hakumwambia mtu, hata binti yake Saada. Mjane aliye kwenye eda akisema ananusa marehemu, pale Mbekenyera maneno yatafika Ruangwa mjini kabla ya basi la asubuhi.

Eda ikaisha. Kazi zilikuwa zikimsubiri, na kubwa ilikuwa ule mkorosho nyuma ya nyumba. Mchwa walishaumaliza. Ulikuwa mkavu na umeinamia paa la chumba anacholala Saada. Yasini alikuwa mkata miti kwa chenso, msumeno wa injini, na aliahidi kuukata. Presha ikamwahi. Sasa mawingu ya mvua yalikuwa yanajikusanya, na upepo ukivuma mti ulilia kwii, kwii.

Harithi, mdogo wake marehemu, akaja.

"Shemeji, chenso ya kaka iko wapi? Niumalize mti huu leo."

"Unaiweza?"

"Mimi? Nimekata naye miti mingapi."

Ukweli ni kwamba Harithi alikuwa akishika kamba, kaka yake akikata. Lakini mdomo hauna kodi.

Hafidha akapanda kwenye uchaga wa jikoni, juu ya mafiga, akaishusha. Pale ndipo huning'inizwa mahindi ya mbegu ili moshi uyakinge na wadudu. Kitu cha thamani hukaa pale. Kwa hiyo siku ile walipotoka kuzika, Hafidha aliichukua chenso ya mumewe akaiweka pale pale, ikiwa na mafuta yake tankini, kama alivyoiacha mwenyewe.

Jua lilikuwa la utosini. Watu wote walikuwa mashambani na kijiji kimetulia. Harithi akaongeza mafuta, akavuta kamba. Chenso ikawaka.

Akaondoa kidole kwenye resi ili itulie. Haikutulia, ikapanda. Mnyororo ukazunguka wenyewe bila kidole cha mtu. Harithi akailaza upande, na hapo ikalia kwa sauti nyembamba ya kupasua masikio. Kuku wakatawanyika. Harithi naye akaitupa chini, akakimbia hadi barabarani, kandambili moja akaiacha uani.

Mnyororo ukauma mchanga. Chenso ikaanza kutambaa. Ilikwenda mbele kidogo kidogo, ikitetemeka na kulia, moja kwa moja hadi kwenye mlango wa jiko. Mlangoni alikuwa amesimama Hafidha.

Hakukimbia.

"Yasini," alisema, "nimekukosea nini?"

Wakati huo Leah alikuwa akiingia uani na ndoo ya maziwa. Leah ni Msukuma, jirani. Yeye na mumewe walihamia hapo na ng'ombe, na pampu ya maji ya mifugo huitengeneza mwenyewe. Aliweka ndoo chini. Akaizunguka chenso, akaijia kwa nyuma, mbali na mnyororo. Akaukanyaga mpini, akainama na kuvuta choki. Chenso ikakohoa, ikafa.

"Mashine ikigoma kushuka, zima swichi," akasema. "Usipoifikia, vuta choki. Itapaliwa na mafuta, itazimika. Na usiishike kwa mbele."

Harithi akarudi, anatafuta kandambili.

"Hiyo si ya kutengeneza," alisema. "Kaka anaidai mashine yake. Tukaitupe mto Mbwemkuru."

Hafidha akamgeukia Leah. "Dada Leah, mume wangu hajapumzika?"

"Mama Saada, ya marehemu siyajui," alisema Leah. "Nakuuliza ya mashine. Ilikuwa inakaa wapi?"

"Jikoni. Kwenye uchaga."

Leah akageuka kumtazama. "Juu ya moto?"

Hakusubiri jibu. Akaiacha ipoe, akachomoa waya wa plagi ili isiwake kwa bahati mbaya, kisha akafungua kifuniko. Kati ya kabureta na injini akatoa mpira mdogo kama kipande cha bomba. Akaukunja kwa vidole. Ulikuwa umekauka.

"Naomba beseni la maji."

Akaziba tundu moja kwa kidole gumba. Tundu la pili akaliweka mdomoni, akauzamisha mpira ndani ya maji na kupuliza, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Mapovu yakapanda ubavuni, moja baada ya jingine. Hafidha akasogea kutazama. Yalikuwa kama pumzi ya mtu.

"Huu hapa ufa," alisema Leah. "Joto la mafiga limeukausha mpira. Injini inavuta hewa hapa, na mafuta yanakuwa machache. Ndiyo maana inapanda resi yenyewe. Ukiilaza, ufa unafunguka, inalia zaidi."

"Tuuzibe kwa gundi," alisema Harithi.

"Petroli itaila gundi yako, na pistoni itaungua. Nenda Nachingwea mjini kwenye duka la spea. Nenda na huu wa zamani, wakupe unaofanana nao."

Harithi akapanda bodaboda, akaenda. Leah akaingia jikoni kutazama uchaga. Akasimama, akavuta hewa puani.

"Humu mnanuka petroli."

"Hiyo ni harufu ya mume wangu," alisema Hafidha. Lilimtoka tu.

Leah akamsogelea. Kisha akamshika mkono.

"Mama Saada, ni tanki. Mfuniko wake haukazi tena. Mvuke wa petroli unashuka hadi kwenye moto. Umepika chini yake eda nzima, wewe na mwanao. Cheche moja ingetosha."

Hafidha akaketi chini. Aliona uchungu, na aliona hofu, na hakujua kipi kimemuumiza zaidi. Miezi yote hiyo alikuwa akikaribisha moto.

Leah akampigia Harithi simu alete na mfuniko wa tanki. Harithi aliporudi na mpira na mfuniko mpya, Leah alimwaga mafuta ya zamani kwenye dumu, mbali na kisima na moto. Akasafisha kabureta na chujio la hewa, akafunga mpira na mfuniko. Akachanganya petroli mpya na oili yake kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Chenso ikawaka. Akapunguza skrubu ya resi taratibu, mpaka injini ikanguruma kwa upole na mnyororo ukasimama kabisa.

"Mnyororo ukizunguka bila resi, usikate kitu," alimwambia Harithi. "Na ukimaliza msimu, mwaga mafuta. Iweke stoo, pakavu, mbali na jiko."

"Swichi naweza kuizima mimi?" aliuliza Hafidha.

Akaibonyeza. Mashine ikanyamaza papo hapo.

Wiki hiyo mkataji mzoefu kutoka Likunja aliulaza mkorosho upande wa shamba, Harithi akishika kamba. Mvua ikanyesha, na Saada akalala bila hofu ya mti.

Hafidha akaingia jikoni, akainama kuchochea kuni, akavuta pumzi. Kulinuka moshi na mahindi ya mbegu, basi. Ndipo akamlilia mumewe kwa sauti, kama alivyotakiwa kulia tangu mwanzo.

"Haya, baba Saada," alisema. "Pumzika."