Dawa ya Ng'ombe Puani mwa Mtoto

Jamani, kabla hamjamcheka mtu huyu nisikilizeni kwanza. Wengi wetu tungefanya alichofanya yeye, ila tu hatuna ng'ombe.

Alikuwa mfugaji, na banda lake lilikuwa na ng'ombe sita wa maziwa. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa shwari. Yeye alikuwa kwenye kigoda anakamua, ndoo katikati ya magoti, na binti yake wa pekee, mwenye miaka tisa, alikuwa kazini. Kazi hiyo hakupewa na mtu. Kila asubuhi alimpitia ng'ombe mmoja mmoja, kuanzia wa mlangoni, anamwekea kiganja kwenye paji la uso, anahesabu kwa sauti moja hadi tano, kisha anahamia kwa mwingine. Ukimkatiza anarudi kuanza upya, na hakuna wa kumzuia. Ndiyo maana nyumbani walimwita Mkaguzi.

Mkaguzi ana usonji. Wazazi waliambiwa hivyo alipokuwa na miaka minne. Maneno anayo, ila huyatoa kwa uchache, na mengi huwapa ng'ombe. Macho ya watu huyakwepa. Kushikwa hataki kabisa. Ukimgusa bega, anauondoa mkono wako na kwenda zake. Baba yake alimpenda kupita kiasi, na kiu yake ilikuwa moja tu: siku moja, walau siku moja, mtoto huyu amkumbatie.

Basi asubuhi hiyohiyo akaingia shangazi yake Mkaguzi, dada mkubwa wa mfugaji, mwanamke asiyebisha hodi wala asiyepunguza sauti.

"Mwanangu, hujambo?" alimwambia mtoto.

"Tatu. Nne," Mkaguzi alijibu, kiganja kikiwa kwenye paji la ng'ombe.

Shangazi akamgeukia mdogo wake. "Wewe! Mtoto miaka tisa hajui kuamkia? Hata wewe baba yake hajawahi kukutazama usoni. Huyo amekosa mapenzi tumboni, mimi nakwambia. Siku ukizeeka nani atakushika mkono?"

"Wifi, mtoto ana usonji, si adabu mbaya," mke wa mfugaji alijibu kutoka mlangoni. "Tumeshayasema haya."

"Usonji, usonji! Jina zuri la kufichia uvivu wa kulea."

Mama alirudi ndani kwa heshima. Mfugaji naye aliendelea kukamua, lakini neno lile lilimwingia. Amekosa mapenzi. Siku nzima lilikuwa likimzunguka kichwani.

Jioni ng'ombe mmoja akazaa kwa mara ya kwanza. Akamkataa ndama wake. Kila ndama akisogea, mama mtu anarusha teke, na maziwa ameyabana hayatoki. Daktari wa mifugo akaitwa kesho yake. Akatoa kichupa kidogo, akavuta dawa, akamchoma ng'ombe. Haikupita muda, maziwa yakaanza kuchuruzika yenyewe. Kufika mchana ng'ombe alikuwa anamlamba ndama wake mgongo mzima.

Mfugaji akabaki mdomo wazi. "Daktari, umemfanya nini?"

"Hiyo ni homoni ya oksitosini," daktari wa mifugo alisema huku akinawa mikono. Alikuwa mtu wa maneno mengi. "Ndiyo inayoshusha maziwa, na husaidia mama kumpokea mwanawe. Hata sisi binadamu tunayo mwilini. Wengine wanaiita homoni ya mapenzi. Kuna watafiti wamewapulizia puani watoto wenye usonji, waone kama watachangamkia watu. Ila majibu yao yanapingana, na dawa hii niliyonayo ni ya mnyama, usije ukaichezea."

Sasa hapo ndugu zangu, ndipo palipoharibika. Sikio la mfugaji lilipokea maneno ya mwanzo. Yale ya mwisho yaliangukia kwenye samadi.

Daktari alimwachia kichupa kwa ajili ya ukamuaji unaofuata. Kesho yake ng'ombe akashusha maziwa mwenyewe, bila dawa. Kichupa kikabaki, tena karibu kimejaa. Mke alipokwenda kupeleka maziwa, mfugaji akachukua ule utepe wa kupimia ndama, ambao ukiuzungusha kifuani unakuonyesha uzito. Akamvizia Mkaguzi akiwa amejilaza kando ya hori, akamzungushia upesi kabla hajaondolewa mkono. Akasoma namba. Akakadiria kipimo kama cha ndama wa uzito ule. Kwa ndama hakuwahi kukosea miaka kumi na mitano, na hilo ndilo lililompa kiburi.

Akamdondoshea puani. Mtoto alikunja uso na kupiga kelele, baba akampa kikombe cha maji. Akampa na cha pili, ili dawa ishuke vizuri. Akafanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, akimvizia mkewe anapotoka, na kichupa akakitia mfukoni mwa koti lake la bandani.

Siku ya tatu, Mkaguzi alikuja akaketi kwenye majani makavu pembeni yake. Halafu akamwegemea. Kichwa chake kikatua begani mwa baba na kikakaa hapo.

Mfugaji hakuthubutu kupumua. Machozi yalimtoka, nayo yakamchuruzika mpaka shingoni. "Mwanangu," alinong'ona, "mwanangu wee." Alitaka kwenda kumwita dada yake aje aone. Alitaka kumwambia mkewe, akaogopa ataulizwa. Usiku huo alilala usingizi wa bwana harusi, na asubuhi akaongeza kipimo.

Mimi ninayesimulia hapa hasira hunipanda. Mtoto yule hakuwa ameegemea kwa mapenzi. Kichwa kilikuwa kinamuuma, na kizunguzungu kilikuwa kinamzungusha banda zima. Bega la baba lilikuwa karibu, basi. Mama ndiye aliyeona.

"Baba Mkaguzi, mtoto leo hakukagua ng'ombe," alisema siku ya tano. "Amefika kwa wa pili akaketi. Na anajipiga paji la uso kwa ngumi. Hajawahi kufanya hivyo."

"Anakua tu. Hujaona anavyoniegemea?"

"Nimeona. Ndicho kinachonitisha."

Mchana wa siku ya sita Mkaguzi akatapika. Akatapika tena. Kisha macho yakamgeuka, mwili ukakakamaa, mikono ikaanza kurukaruka juu ya sakafu. Mama alipiga yowe lililowatoa majirani nyumbani. Wakambeba, wakapata gari la jirani, wakafika hospitali mtoto akiwa hajitambui.

Daktari alikuwa kijana mwanamke, mwepesi wa mikono. Alimpima joto, akamkunja shingo, akamulika macho huku akiuliza. "Ameanguka? Ameumwa na kitu? Kuna dawa yoyote amepewa wiki hii?"

"Hata kidonge cha kichwa hajapewa!" mama alijibu. "Wallahi, daktari. Muulize baba yake, huyu hapa, yeye ndiye anashinda naye."

Daktari akamtazama mfugaji.

Mfugaji akafungua mdomo. Aliwaza mkewe atakavyomtazama. Aliwaza polisi, na dada yake, na majirani waliokuwa wamejaa kwenye korido. Akatikisa kichwa. Hapana.

Naam, alitikisa kichwa, na mwanawe amelala pale anakoroma kama mtu anayezama.

"Basi tuanze na maji ya dripu, tuchukue na damu," daktari alimwambia muuguzi. Muuguzi akatundika mfuko. Tone la kwanza likadondoka kwenye mrija, kisha la pili. Mkaguzi akaanza kukakamaa upya, na safari hii midomo yake ikawa ya buluu.

"Sielewi," daktari alisema, sauti imebadilika. "Hana homa. Shingo ni laini, si homa ya uti wa mgongo. Jamani, kuna kitu sijaambiwa!"

Mama akapiga magoti sakafuni. "Mwambie daktari hakuna kitu! Baba Mkaguzi, mbona umenyamaza? Sema!"

Mfugaji akaingiza mkono mfukoni. Akakitoa kichupa, akakiweka juu ya shuka, karibu na mguu wa mtoto.

"Ni ya ng'ombe," alisema. "Nimempa mimi. Puani, mara tatu kwa siku. Na maji mengi."

Daktari alisoma maandishi ya kichupa mara moja tu. "Funga dripu!" alimwambia muuguzi. "Sasa hivi! Lete ile ya chumvi kali, na damu ikimbizwe maabara." Huku mikono ikifanya kazi aliwaeleza: dawa ile ikizidi huuzuia mwili kutoa maji, maji yanajaa, chumvi ya damu inashuka, ubongo unavimba. Kila tone la mfuko ule wa kwanza lingeweza kumsogeza kaburini.

Mama hakumpiga mumewe wala hakumtukana. Alimwangalia tu, akahamia upande wa pili wa kitanda.

Saa mbili zilipita, na ya tatu. Degedege likakoma. Jua lilipokuwa linashuka Mkaguzi akafungua macho. Mfugaji, ambaye tangu mchana alikuwa amesimama ukutani kama mshtakiwa, alisogea akamgusa bega kwa vidole viwili.

Mtoto akaushika mkono ule. Akauondoa. Akauweka pembeni juu ya shuka, akajigeuza upande mwingine.

Mfugaji akaangua kilio mbele ya watu. Muuguzi alidhani ameumia moyo, lakini mama alielewa. Mwana wao amerudi.

Kesho yake daktari aliketi nao. "Mtoto wenu hajakosa mapenzi," alisema. "Usonji ni namna ubongo wake ulivyojengwa. Homoni hii imechunguzwa. Tafiti nyingine ziliona mabadiliko madogo, nyingine hazikuona tofauti yoyote na dawa bandia. Si tiba, na hata wanaoichunguza hawachukui ya zizini. Niambieni, huyu mtoto huwa anapenda kufanya nini na baba yake?"

Mama ndiye aliyejibu, bila kumwangalia mumewe. "Kila asubuhi anakuwa naye bandani. Shule tulimpeleka anakimbia, kwa shangazi anakimbia. Kwa huyu hajawahi kukimbia."

Mfugaji akainamisha kichwa. Miaka yote mtoto alikuwa akimfuata, na yeye alikuwa anasubiri kukumbatiwa.

Mke alimsamehe polepole, tena si yote. Hadi leo dawa za mifugo hukaa kabatini, na ufunguo anao yeye. Shangazi alipokuja na maneno yake, mfugaji mwenyewe alimsindikiza mpaka barabarani.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mtoto mwenye usonji anawapenda kwa njia yake. Jifunzeni njia hiyo kabla ya kutafuta dawa ya kuibadilisha. Homoni si shira ya kutia utamu kwenye tabia ya mtu. Ni kitu kizito, na habari nusu kuhusu kitu kizito inaua. Mkisikia utafiti fulani umesema hivi na vile, mpelekeeni daktari wa watoto swali, msimpelekee mtoto dawa. Nanyi mashangazi, wajomba na majirani, chungeni ndimi zenu, kwani neno moja lililosemwa bandani lilikaribia kutuchimbia kaburi la mtoto.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mfugaji huyu alibahatika kuulizwa mara mbili. Wewe ukiulizwa na daktari, usingoje ya pili.