Aliyepunguza Moto

Khiem Luu alikuwa amelala kifudifudi mbele ya jiko la mgahawa wake mwenyewe, kisogo kimepondwa, aproni bado imefungwa kiunoni. Juu ya jiko, supu ilikuwa ikitokota taratibu kana kwamba mwenye nyumba ametoka kidogo kupokea simu.

Inspekta Renata Quiroga alizunguka damu iliyoganda sakafuni. Alitazama maiti, kisha akatazama sufuria. Lilikuwa refu kumfika kifuani, limejaa mifupa ya ng'ombe, na supu yake ilikuwa angavu kama chai ya rangi. Pembeni palikuwa na bakuli la povu lililoenguliwa, na upawa umelazwa juu yake.

"Nizime jiko?" aliuliza Sajenti Boyd Tillery.

"Kumeshapigwa picha?"

"Bado."

"Basi mikono mfukoni."

Nje, kwenye maegesho ya Mtaa wa Bellaire, wateja walikuwa wameanza kujaa. Houston nzima ilikuja kula kwa Luu: Wapakistani wa duka la kebabu la pembeni, Wanigeria wenye mgahawa wa wali mwekundu ng'ambo ya barabara, mawakili kutoka mjini na tai zao wamezitupia begani. Jumanne palifungwa, ndiyo siku ya kuinjika supu ya wiki. Leo ilikuwa Jumatano, na mleta tambi za mchele ndiye aliyekuta mlango wa nyuma uko wazi.

Daktari wa maiti alisimama, akavua glavu.

"Amekufa jana mchana. Pigo moja, kwa kitu kizito, bapa. Hakugeuka hata kutazama."

Kitu chenyewe kilipatikana upesi. Kati ya makaango ya chuma yaliyotundikwa ukutani, moja liling'aa kuliko mengine. Mafundi wa maabara walilipulizia dawa ya kufichua damu, mpini ukawaka rangi ya buluu. Lilikuwa limeoshwa, likafutwa, likatundikwa mahali pake. Alama za vidole hazikuwepo.

Nyuma ya utepe wa polisi alisimama mwanamke mwembamba wa makamo, nywele kazibana kwa kibanio cha plastiki. Huyu alikuwa Bi Nhan, dada mkubwa wa marehemu. Hakuwa analia.

"Pole sana, Bi Nhan," alisema Renata. "Jana ulifika hapa?"

"Jumanne siji. Jumanne naenda pagodani, hekaluni kwetu, kumwombea mama."

"Mara ya mwisho ulimwona lini ndugu yako?"

"Jumatatu, tulipofunga." Alichungulia juu ya bega la Renata, mlangoni. "Nani anaangalia supu?"

Tillery alimvuta Renata pembeni. "Mshtuko huo. Ubongo unakimbilia popote."

Renata aligeuka kuutazama mlango wa jikoni.

Kufika adhuhuri, Tillery alikuwa na mtu wake mahabusu, aliyekamatwa pale pale kwenye maegesho. Eleuterio Ochoa, wenzake wakimwita Teyo, alikuwa mkaanga nyama wa mgahawa huo. Jumapili, Khiem alimfukuza kazi mbele ya wateja, naye akapaza sauti kwamba atampasua kichwa. Jumanne mchana gari lake lilionekana nyuma ya mgahawa.

Renata aliketi mbele yake. "Jana ulifuata nini pale?"

"Visu vyangu."

"Visu?"

"Visu, mama. Mpishi akifukuzwa anaacha hata mshahara, visu haachi."

"Ulimkuta Khiem?"

"Nilimkuta mzima, anabwata kama kawaida yake. 'Teyo, umekuja kuomba msamaha?' Nikamwambia nimekuja kufuata vitu vya watu wanaojua kupika. Nikatoka."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Ndiyo kwanza kainjika supu. Moto mkubwa, mpaka mwisho."

"Ukaupunguza?"

Teyo alicheka, kicheko kisicho na raha. "Mimi? Miaka yote niliyokaa pale sijagusa hata mfuniko. Ukisogea tu, Bi Nhan anakulamba upawa mkononi. Ile supu ni ya wenyewe wawili, afande. Sisi wengine tulikuwa tunaruhusiwa kuinusa." Kisha uso ukamwanguka. "Mke wangu anajifungua mwezi huu. Mtamwambia nini sasa? Kwamba nilitishia mtu kwa mdomo?"

Nje ya chumba, Tillery alikuwa anafunga faili. "Sababu anayo, nafasi anayo, na kwa kinywa chake anasema alikuwepo. Jioni namfikisha kwa mwendesha mashtaka."

"Unajua Texas inawafanya nini wauaji?"

"Inawafanya wasirudie."

"Basi kabla hujampeleka huko, njoo uone kitu."

Alimrudisha jikoni. Maiti ilikuwa imeondolewa, jiko limezimwa, mafundi walikuwa wamekwisha kuchukua sampuli zao na wanafunga masanduku. Renata alishika picha mojawapo iliyopigwa asubuhi. Kwenye uso wa jiko, matone ya damu yalikuwa yameruka kwa mshazari, kama mstari uliochorwa kwa brashi. Mstari ulipofika kwenye swichi ya gesi ulikatika. Matone yaliyo juu ya swichi yalielekea kwingine kabisa.

"Swichi ilizungushwa baada ya damu kuruka," alisema. Akavaa glavu, akamwita fundi aje na kamera, kisha akaizungusha swichi mpaka mwisho. Mstari ukaungana, tone kwa tone.

Tillery aliinama.

"Sawa. Muuaji aliogopa nyumba isiungue."

"Anayeogopa moto anazima, Boyd. Huyu alipunguza. Akasimama hapa, maiti iko miguuni, akaengua povu. Wewe uliiona ile supu asubuhi. Mama yangu alipika supu ya matumbo kuuza Jumapili zote za utoto wangu. Supu haiwi angavu vile kwa bahati. Mtu asiposimama nayo, inavurugika kama maji ya mtaro."

"Teyo..."

"Teyo angeiacha ikauke, na angefurahi." Renata alivua glavu. "Niletee Bi Nhan. Hapa hapa."

Bi Nhan aliketi kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Tillery alimsomea haki zake: anaweza kunyamaza, anaweza kumwita wakili. Akasema ameelewa, hana cha kumwambia wakili.

Renata aliwasha jiko, akaliacha liwake kwa nguvu zote.

"Tuanze upya. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nimeshasema. Pagodani."

"Nani alikuona?"

"Mama."

"Mama yako ni marehemu."

"Ndiyo. Yeye huniona."

Sufuria lilianza kunguruma. Bi Nhan alilitupia jicho, akarudisha macho magotini.

"Mlikuwa mnaelewana, wewe na Khiem?"

"Nimemlea. Mama alikuwa anapika, mimi ndiye niliyekuwa nambeba mgongoni."

"Hukuolewa?"

"Nani angebaki na sufuria?"

Povu la kijivu lilipanda. Mifupa iligongana ndani. Renata aliendelea kuuliza mambo yasiyo na maana, pagoda iko wapi, alipanda basi gani, na Bi Nhan akajibu neno moja moja, vidole vyake vikikunja na kukunjua sketi. Povu lilipofika ukingoni na kuanza kufokea motoni, alisimama. Hakuomba ruhusa. Alizungusha swichi, akaupunguza moto mpaka ukawa kama kucha, akachukua upawa, akaanza kuengua.

Ulisikika upawa tu ukigonga bakuli.

"Na jana ulifanya hivyo hivyo," alisema Renata.

Bi Nhan hakugeuka. "Jana lilikuwa povu jingi zaidi. Mifupa ilikuwa mipya."

"Alikufanya nini?"

"Anafungua migahawa mingine. Aliniambia supu itakuja kwenye mifuko, inatengenezwa kiwandani, mnatia maji ya moto basi. Nikamuuliza, na sufuria la mama? Akasema litawekwa mlangoni, lipandwe maua. Wateja watalipenda." Aliengua tena. "Nikamuuliza, na mimi? Akasema, 'Dada, wewe nenda nyumbani ukapumzike.' Nyumbani wapi? Mimi nyumbani kwangu ni hapa nilipokanyaga. Akanipa mgongo, akaanza kupiga mluzi."

"Ukachukua kaango."

"Lilikuwa karibu."

"Kisha?"

"Kisha supu ikaanza kupanda."

Tillery alikohoa. "Ukakaa nayo muda gani?"

"Mpaka ilipotulia. Nikaosha kaango. Nikaenda kumwambia mama."

Renata alimsogelea. "Asubuhi ulimwona Teyo akipakiwa kwenye gari la polisi?"

"Nilimwona."

"Ana mke mjamzito. Ungemwacha auawe kwa kosa lako?"

Bi Nhan alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa kuhusu chumvi.

"Teyo," alisema hatimaye, "hajawahi kujifunza kupika."

Renata alimpa Tillery ishara. Tillery alitoka nje kupiga simu ili Teyo aachiwe.

Bi Nhan alilaza upawa juu ya bakuli. Akanyoosha mikono yake miwili, ile ya kupikia, ikafungwa pingu. Alimtazama Renata machoni kwa mara ya kwanza siku nzima.

"Mwanangu, iko karibu kuwa tayari. Watu wako nje. Wagawie."

"Siwezi. Hiki ni kielelezo. Kitamwagwa."

"Basi usiuzime moto kwanza."

Renata alikuwa na watoto wawili nyumbani waliokuwa wanasubiri piza ya sanduku, kwa sababu mama yao hakujifunza chochote jikoni kwa mama yake. Alinyoosha mkono, akazungusha swichi. Moto ukafa. Mtokoto ulipungua, ukabaki mmoja mmoja, kisha uso wa supu ukatulia.

Hapo ndipo Bi Nhan alipolia.