Maharage Yaliyomwokoa Mzee Isakwisa

Isakwisa hakuwahi kuonja pombe tangu abatizwe, lakini mtaani Izia walimwita mlevi. Fundi seremala huyu, aliyehamia Sumbawanga kutoka Mbeya, alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili mbili mfululizo alisinzia katikati ya sala. Alipoamka, macho yalikuwa mekundu. Wazee wenzake wakasema mavuno yakiisha watakaa kuamua kama bado anafaa.

Nyumbani nako alikoroma hadi mkewe, Otilia, akahamishia godoro chumba cha watoto. "Baba Lugano, ukilala unasaga kokoto," alimwambia.

Jumamosi moja Isakwisa aliachiwa maharage ayaangalie. Akasinzia palepale kwenye kigoda. Jirani yao Zita, muuguzi, akaingia bila hodi na kuepua sufuria inayofuka moshi.

"Shemeji, harufu imenifuata mpaka kwangu. Wewe hukuisikia?"

"Harufu gani?"

Zita alianza kucheka, kisha akaacha. Akamuuliza pua imeziba tangu lini. Tangu Krismasi, Isakwisa alijibu, na tangu hapo hakusikia harufu. Paji la uso lilimwelemea, makamasi mazito yalimshukia kooni, na matone ya dukani alikuwa akitia puani kila siku, mwezi wa nne sasa.

Zita alimweleza kwamba ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vidogo vya hewa. Utando wake ukikaa umevimba zaidi ya miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa sainasi.

"Ukilala, pua inaziba zaidi. Unahema kwa mdomo, unakoroma, unashtuka mara nyingi bila kujua. Usingizi wako ni vipande vipande, ndiyo maana mchana unakudai. Na hayo matone, ukiyatumia zaidi ya siku chache, yanaizibisha zaidi. Nenda hospitali."

Daktari alimpima, akamwachisha matone, akampa dawa ya kupuliza puani kila siku. Akamfundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa. Mwanzoni Isakwisa alilalamika kama mtoto anayeogeshwa asubuhi ya baridi ya Julai. Otilia akatoa chumbani jiko la mkaa la kuota moto usiku, naye Isakwisa akavaa barakoa ya kuzuia vumbi akiranda mbao.

Nafuu ilikuja polepole. Wazee walipokaa, Isakwisa alikuwa macho kikao kizima. Aliyesinzia ni mwenyekiti. Suala la Isakwisa likaishia kwenye kicheko.

Godoro la Otilia nalo likarudi. Asubuhi moja, akiwa uani, alisikia sauti ya mumewe kutoka chumbani.

"Mama Lugano, maharage yanashika chini."

Otilia hakukimbilia sufuria. Alisimama mlangoni, akamtazama.

"Hebu sema tena."