Ng'ombe wa Guku na Seva Tatu

Kila asubuhi Nyanjige, mwanafunzi wa kidato cha kwanza mjini Bariadi, ndiye aliyefungua chumba cha kompyuta. Alifagia, akapangusa meza, kisha akazisalimia seva tatu za kabatini kama anaamkia shangazi zake. Humo mlikuwa na kazi ya mwaka mzima ya klabu yao: vipimo vya mvua na picha za mashamba ya pamba kuanzia Ipililo hadi Nkololo.

Siku hiyo waamuzi wa mashindano ya mkoa walikuwa wanakuja saa nne. Nyanjige akaona sketi yake ina mikunjo. Mtanashati hakosi njia! Akachomeka pasi kwenye ekstensheni ya seva, ingawa Mwalimu Ngassa, mlezi wa klabu, alishakataza. Pa! Cheche zikaruka, na seva ya katikati ikazimika.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kuusingizia umeme, kama tunavyofanya sote. Lakini jasho la wenzake arobaini lilikuwa mle ndani. Akakimbia ofisini huku machozi yakimlengalenga.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeunguza seva. Nilikuwa napiga pasi."

Mwalimu Ngassa aliruka kitini. Alizima umeme ukutani, akaichomoa ekstensheni iliyokuwa bado inafuka moshi, akaziwasha seva mbili zilizobaki kwenye soketi nyingine. Picha zote zilikuwepo! Nyanjige hakuamini macho yake.

"Guku, babu yako, ng'ombe wake wote wako zizi moja?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana. Wengine amewaweka kwa ndugu, vijijini Migato na Nkololo. Ugonjwa ukiingia zizi moja, asibaki mikono mitupu."

"Basi ndivyo hivyo. Kila seva ina kichakataji, kumbukumbu na diski zake. Programu moja inaziunganisha diski zote ziwe ghala moja, na kila faili inaiandika kwenye seva mbili tofauti. Nafasi ikipungua tunaongeza seva, ghala hatulibomoi."

"Lakini Mwalimu, ng'ombe mmoja hawezi kuwa Migato na Nkololo kwa pamoja!"

"Ndiyo maana kufuga faili ni rahisi kuliko kufuga ng'ombe."

Saa nne Nyanjige aliwaeleza waamuzi vivyo hivyo. Mmoja wao, Bi Wilhelmina, akanyoosha kidole. "Hii ya katikati mbona haiwaki?"

Nyanjige akapiga hatua mbele.

"Niliiunguza mimi leo asubuhi, kwa pasi," Nyanjige alijibu. "Lakini tazameni." Akafungua picha za Ipililo, moja baada ya nyingine, hakuna iliyokosekana. Waamuzi wakapiga makofi. Klabu ikawa ya kwanza mkoa mzima, na vigelegele vikasikika hadi barabarani!

"Programu ilituokoa seva moja ilipokufa," Mwalimu Ngassa aliwaambia wanafunzi. "Lakini kama Nyanjige angeficha, ekstensheni ingeendelea kuungua, seva ya pili nayo ingekufa, na faili zilizokuwa kwenye hizo mbili tu zingepotea. Programu haisikii harufu ya moshi. Aliyetuokoa hapo ni mtu aliyesema kweli mapema."

Nyanjige akapokea kikombe mbele ya shule nzima, kichwa juu, sketi ikiwa na mikunjo yake yote.