Vidonge vya Mama

Tukubaliane mapema: siku hiyo mjinga alikuwa fundi bomba.

Duka la dawa lilijaa watu. Fundi alifuata bendeji ya kidole, akamwona mbele kwenye foleni mpenzi wake, yule muuguzi aliyemteka roho siku alipompeleka mama yake kupimwa presha. Gauni la manjano lilimkaa utadhani kazaliwa nalo. Fundi akatoa simu amtanie. Ndipo alipoona alichoshika mpenzi wake: kadi ya kliniki ya mama yake, ile yenye doa la chai.

Wiki nzima mama alikuwa analia: "Mwanangu, kuna mwanamke ananiibia kadi na vidonge."

Akapiga.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Kazini, mume mtarajiwa. Umeshanikumbuka?"

"Sana tu."

Muuguzi akatia vidonge mkobani, akaondoka. Fundi akamfuata kwa kunyata, akijibanza nyuma ya nguzo za umeme nyembamba kuliko tumbo lake. Akamwona anafungua mlango wa mama kwa ufunguo wake mwenyewe. Fundi akategea nje dakika chache, kisha akaingia mbio.

"Mwizi! Leo nimekukamata!"

Mama alikuwa kitini, mkono umefungwa kipimo cha presha.

"Mwizi nani? Huyu mkwe wangu, huja kila Alhamisi." Kisha akamgeukia muuguzi. "Na wewe, nani kakufungulia?"

Fundi akanywea.

"Mishipa midogo ya damu kichwani mwake inaziba," muuguzi akasema kwa sauti ya chini. "Presha ya miaka mingi. Wewe ni fundi, unajua bomba likiziba chumba cha mwisho hakipati maji. Daktari kasema dawa zisikosekane, huenda kumbukumbu zilizobaki zikanusurika. Akibaki na kopo la vidonge, leo anameza mara mbili, kesho hamezi. Kwa hiyo nampangia za wiki kwenye kikasha, kopo na kadi nakaa navyo mimi."

"Mbona ulinificha?"

"Alinipa ufunguo akaniomba, siku kumbukumbu zake zimetulia. 'Usimwambie mwanangu, ataniona nimechanganyikiwa.'"

"Na simu je? Ulisema uko kazini!"

"Kwani hii unaiona starehe?"

"Sasa mama mwenyewe kasema kuna mwizi! Mimi ningejuaje?"

Muuguzi akafungua kile kipimo taratibu, akakikunja.

"Mama anasahau kwa sababu mishipa yake imeziba. Wewe yako mizima. Ulisahau vipi kwamba nakupenda?"