Chaza wa Kumi na Mbili

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufagia uwanja na kuwavunjia nguruwe nazi, Seluvaia alipiga mbizi na baba yake kuhesabu chaza. Walikuwa kumi na wawili, wapana kama sinia, wamepangwa duara mchangani mbele ya kijiji cha Hakautapu, katika visiwa vya Vava'u, nchini Tonga. Wanakijiji waliwakusanya mmoja mmoja kutoka mbali, kwa sababu chaza aliye peke yake hazai. Ilikuwa marufuku kuwagusa, na mlinzi wao alikuwa Feleti, baba yake Seluvaia.

"Wangapi?" Feleti aliuliza alipoibuka.

"Kumi na wawili, Baba."

"Haya, twende. Wageni wa Kepu wanaingia leo."

Kepu alikuwa nahodha wa mashua ya matanga ya kukodi. Kwa miaka tisa alikuwa akiwazungusha wazungu visiwani wakati wa likizo zao, na kila safari alitia nanga Hakautapu ili wale karamu ufukweni. Safari hii alileta mume, mke na binti yao Annika, mwenye miaka kumi na miwili kama Seluvaia.

Seluvaia alipewa kazi ya kumwonyesha mgeni chaza. Waliogelea juu yao, wakawatazama wakifungua vinywa vyao vya buluu na kijani. Walipotoka majini, Annika aliuliza kwa Kiingereza, "Ni watamu?"

"Watamu sana! Sisi tunawala kila wiki," alijibu Seluvaia, ambaye hakuwahi kuonja hata mmoja.

Annika akacheka. "Kila wiki? Mbona basi bado wako kumi na wawili?"

Swali lile lilimchoma. Mtoto wa mlinzi aonekane mropokaji mbele ya mgeni! Alasiri, watu wazima walipokuwa wakifukia nguruwe na majani ya magimbi kwenye tanuri la shimoni, na Kepu akiwasaidia kupanga mawe, Seluvaia alichukua kisu cha baba yake, akapiga mbizi, akamng'oa mmoja. Alimkatakata, akamkamulia ndimu, akammwagia tui la nazi, akawapelekea Annika na wazazi wake kule mashuani.

"Baba amemleta kutoka mwamba wa nje," aliwaambia.

Walikula, wakalamba vidole. Annika akaomba ganda, akaliweka kwenye sitaha.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili hakuna mtu Hakautapu anayegusa bahari. Watu walikwenda kanisani. Seluvaia aliimba kwa sauti ndogo hata binamu yake Losaline akamkanyaga mguu. "Wewe, umemeza mwiba?"

Jumatatu alfajiri Feleti alipiga mbizi. Alihesabu mara tatu. Jua halijapanda, kijiji kizima kilikuwa ufukweni, na ganda lilionekana wazi pale kwenye sitaha ya mashua. Kepu na wageni wake wakaitwa nchi kavu.

"Kepu," alisema Maka, mwenyekiti wa kijiji, "tumekula nawe miaka tisa. Kumbe unatuletea wezi!"

"Tazameni tumbo lake," mama mmoja akadakia. "Sisi tulidhani ni nguruwe wetu, kumbe ni chaza!"

Watu wakacheka, kicheko kibaya.

"Mimi sikuwepo walipokula," Kepu alisema. "Nimewauliza, wanasema walipewa."

"Na nani?"

Kepu akamgeukia Annika. Annika akanyoosha kidole. Macho yote yakamwangukia Seluvaia, masikio yake yakawaka moto.

"Mwongo huyo," alisema. "Mimi sijui kitu."

Annika hakulielewa neno, lakini alikielewa kichwa kilichotikiswa. Akaanza kulia.

Feleti akasimama. "Mtoto huyu nimemlea mimi. Haibi, na hasemi uongo. Naweka jina langu hapa mbele yenu."

"Basi imekwisha," alisema Maka. "Kepu, ng'oa nanga. Usilete tena wageni hapa."

Watu wakaanza kutawanyika. Feleti akaweka mkono kichwani mwa binti yake. "Usijali, mwanangu. Wageni hupita."

Mkono ule ulikuwa mzito kuliko kofi. Seluvaia alimwona Kepu akisukuma kihori chake majini, mgongo umeinama, hamtazami mtu.

"Baba. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilimkata mimi. Kwa kisu chako."

Afadhali angepigwa. Feleti hakumpiga. Alikwenda kwenye mti wa ifi nyuma ya kanisa, akavunja majani, akayafunga kwa uzi wa mgomba, akayavaa shingoni. Watu walisimama. Kila mtu kijijini alijua kwamba majani yale huvaliwa na mtu asiye na la kujitetea, na huvuliwa na aliyekosewa akikubali kusamehe. Feleti akarudi ufukweni, akaketi kwenye mchanga wenye maji mbele ya kihori cha Kepu, akainamisha kichwa.

"Baba, nipe nivae mimi," Seluvaia alilia. "Kosa ni langu."

"La chaza ni lako. La kusema kwamba wewe husemi uongo ni langu. Kaa hapa, useme."

Akakaa nyuma ya baba yake, akasema yote. Alisema kwa Kitonga ili kijiji kisikie, kisha akarudia kwa Kiingereza cha shule, machozi yakimwingia mdomoni. Losaline alitazama pembeni.

Maka alisogea ayavue yale majani, kisha akasita. "Si mimi niliyetukanwa," alisema.

Kepu alikiacha kihori, akamwinamia Feleti. Akayavua yeye. "Inuka, Feleti. Hayakupendezi. Kwanza shingo yenyewe huna."

Wachache wakacheka. Feleti hakucheka. Yule mama wa maneno ya tumbo akaja kumshika Kepu mkono.

Kepu akaruhusiwa kuendelea kuleta wageni. Feleti akavuliwa ulinzi mpaka duara litimie tena. Kwa Jumamosi tano yeye na binti yake walitafuta kwenye mwamba wa nje, na ya tano wakarudi na chaza. Seluvaia alimweka kwa mikono yake, akaibuka anatabasamu, siku ya kwanza tangu aibu ile.

Shangazi Mele'ana, dada mkubwa wa Feleti, ambaye hakuna mtu wa ukoo anayembishia, alikuwa akimngoja kwenye kina kifupi, maji magotini.

"Unacheka? Unadhani tumemaliza?"

"Wametimia, Shangazi. Kumi na wawili."

"Chaza wametimia. Neno la baba yako bado. Akisema tena 'mwanangu hasemi uongo', wapo watakaotazamana. Ulitaka sifa kwa mtoto mgeni, ukazilipia kwa jina la baba yako, na jina halitafutwi miambani. Utalirudisha kwa kusema kweli, hasa siku ambayo kweli inakuaibisha. Hiyo si kazi ya Jumamosi tano, binti. Haya, toka majini, ukaanze."