Pengo kwenye Gome la Mbambakofi

Kiangazi kile nyasi zilikuwa zimekwisha, na shemeji yangu Gidado, mume wa dada, alipanda juu ya mti wa mbambakofi kuwakatia ng'ombe majani. Ni nyani yule kwa kupanda. Tawi halidondoshwi chini; hupigwa panga nusu, likaning'inia kwa gome lake mpaka midomo ya ng'ombe ilifikie. Mimi nilibaki kambini na mama, tukisukasuka maziwa kwenye kibuyu. Mama hakunyanyuka pale tangu asubuhi.

Gidado alipotazama chini, ng'ombe walikuwa wamesogea mbali. Chini ya mti alisimama mama mkwe wake, amempa mgongo, mtandio wake wa buluu kichwani.

Kwetu mkwe hatazamwi usoni, wala mtu hali chakula mbele yake. Na Gidado alikuwa juu ya kichwa chake, miguu wazi! Aibu ikamkaba. Akafumba macho, angoje apite.

Hakupita. Akasikia kutafuna.

Akafumbua. Mama mkwe alikuwa akila majani. Akiyavuta kwa meno. Mikono imelala ubavuni.

"Mkwe," akanong'ona, "niwie radhi. Nashuka."

Kutafuna kukakoma. Tawi alilokalia likaanza kuvutwa chini. Polepole.

Akaruka upande wa pili, akakimbia. Alipofika kambini na kumkuta mama kwenye kibuyu, badala ya kumnong'oneza dada yangu, mkewe, akapayuka mbele ya watu wote.

"Mchawi huyu! Nimemwona akila majani!"

"Shemeji, una wazimu?" nikafoka. "Nimekaa naye hapa kutwa!"

"Nyamaza, baba wee," dada akamsihi. "Unamvua nguo mama yangu."

Wazee hawakunisikiliza. Mchawi hufukuzwa kambini, akafie mbele ya safari. Wakamtaka mama afungue kinywa, waone kama kina majani. Mama yangu, ambaye mkwewe hakuwahi kumwona hata akinywa maji, akafunua mtandio na kupanua kinywa mbele yake. Nilitamani ardhi inimeze. Kinywani hamkuwa na hata chembe ya jani, ila pengo lake la jino moja, upande wa kushoto. Gidado akapiga magoti, akilia.

Wazee wakataka kwenda kuuona mti. Nikawatangulia mbio, nithibitishe uongo wa shemeji.

Matawi yote yalikuwa matupu. Kwenye gome, usawa wa uso wangu, palikuwa na alama za meno ya mtu, mbichi, zikitoa utomvu. Kati ya alama hizo palikuwa na pengo la jino moja, upande uleule wa kinywa tulichokuwa tumekichungulia sote.

Nikaokota panga la Gidado, alilolitupa akikimbia, nikabandua gome lile kabla wazee hawajafika. Hawakuona kitu, mama akaachwa.

Jioni mama alinipa maziwa. Niliyapokea kwa mikono miwili, nikageuza uso nisimwone meno. Mimi, niliyekaa naye kutwa. Aliliona hilo, akajifunika mtandio.